Jibu: Skochi ya zambarau ya kutia alama bidoni za maji (Lubumbashi)

Dada yangu wa Ruashi, umeeleza kwamba mnakaa familia sita katika lupango moja (uwanja mmoja wenye nyumba kadhaa), kwamba bidoni zenu zote ni zile za njano za lita 20, na kwamba nyekundu, bluu, kijani, nyeupe na nyeusi zimekwisha kuchukuliwa na majirani, ndiyo maana unatafuta skochi (utepe wa gundi) ya zambarau na hujaiona popote. Nilikuwa na shida hiyo hiyo mwaka juzi hapa Katuba. Niliipata, nikaitumia miezi miwili, kisha nikaiondoa kwa sababu nitakayokueleza, kwa hiyo nakuomba usome jibu hili lote kabla hujatoa pesa yako.

Kwanza, usipoteze siku zako kwenye maduka ya vifaa vya shule. Rangi utaziona huko, lakini ni skochi za karatasi au za kufungia zawadi, ambazo zikipata maji mara mbili zinabanduka. Inayokufaa ni skochi ya PVC ya mafundi umeme, ile laini inayovutika, ambayo kwa kawaida ina upana wa milimita 19 na unene wa milimita 0.13 hivi. Nilizunguka soko la Kenya, lile la hapa hapa Lubumbashi, asubuhi nzima, kibanda baada ya kibanda, nikaonyeshwa rangi zile zile za majirani zangu. Baadaye nilielewa kwamba wauzaji hawana kosa, kwa maana fundi wa nyaya za nyumba hahitaji zambarau: bluu ni ya waya wa nyutro, kahawia, nyeusi au kijivu ni za fezi, na yenye mistari ya kijani na njano ni ya waya wa ardhi peke yake. Muuzaji haweki rafuni kitu ambacho hakuna anayekiulizia.

Swali lililonisaidia lilikuwa hili: ni nani, katika kazi yake ya kila siku, anayehitaji zambarau? Jibu nililipata kwa kijana mmoja aliyekuwa akifunga antena juu ya paa la jirani. Aliniambia kwamba nyaya za simu zenye jozi nyingi hutambulishwa kwa rangi kumi, yaani bluu, chungwa, kijani, kahawia na kijivu upande mmoja, na nyeupe, nyekundu, nyeusi, njano na zambarau upande wa pili, na kwamba mafundi wengi wa kazi hiyo hutembea na skochi za rangi hizo mfukoni. Akanielekeza kwenye duka moja la katikati ya mji linalouza nyaya za mtandao. Skochi hazikuwa zimepangwa mbele ya wateja. Muuzaji alizitoa chini ya meza, rola kumi za rangi kumi ndani ya mfuko mmoja, na akakataa kabisa kuniuzia moja peke yake. Nilinunua mfuko mzima, nikagawana gharama na jirani mmoja, na hadi leo sijajuta, kwa sababu rangi zilizobaki zimetufaa kwa funguo, kwa nyaya za redio na kwa vifuniko vya sufuria.

Ukipenda kumwagiza mfanyabiashara anayekwenda Kasumbalesa, kwenye mpaka wa Zambia, usimtajie jina la rangi tu. Mimi nilimwambia mmoja «zambarau», akaniletea bluu iliyokolea, naye aliamini kwa moyo wote kwamba ndiyo niliyoitaka. Mara ya pili nilimpa kipande cha kitenge chenye rangi yenyewe, kikubwa kama kidole gumba, naye akakiweka ndani ya pochi ya simu yake.

Sasa nieleze kwa nini niliiondoa. Kwa kuonekana, zambarau haina mpinzani juu ya bidoni ya njano, maana rangi hizo mbili zinapingana kabisa, na watoto walizitambua bidoni zetu kutoka mwisho wa foleni. Lakini jioni moja Papa jirani, ambaye anafanya kazi katika kiwanda cha kuchakata shaba, aliingia uani, akasimama mbele ya bidoni zetu, na badala ya kusalimia akauliza: «Hizi mmezitoa wapi?» Kiwandani kwao mabomba hutiwa alama kwa kufuata kanuni ya Uingereza iitwayo BS 1710, na katika kanuni hiyo zambarau ni rangi ya asidi na alkali. Alidhani tunachotea maji katika vyombo vilivyotoka kiwandani. Nilimhakikishia kwamba bidoni zilikuwa za mafuta ya kula, akatulia, lakini mimi sikutulia. Katika mji huu, ambamo asidi ya salfuriki hutumika kila siku kuyeyushia madini ya shaba, huenda wengine kama yeye wamefundishwa kuiogopa rangi hiyo, na sikutaka mtoto wangu azoee kunywa kwenye chombo chenye alama ambayo kesho, akiwa kazini, itamaanisha hatari. Si sheria ya nyumbani, na kwako huenda isiwe na uzito. Mimi niliona heri kubadilisha.

Nilichagua rangi ya chungwa kutoka mfuko ule ule. Peke yake juu ya njano karibu haionekani, kwa hiyo nilizungusha kwanza nyeusi, mikanda miwili iliyokaa bega kwa bega, kisha chungwa juu yake katikati, ikabaki na ukingo mweusi pande zote mbili. Jirani mwenye nyeusi hakulalamika, kwa sababu hata kwa mbali alama hizo hazifanani. Ukikosa kabisa rangi ngeni, unaweza kuunganisha mbili za kawaida kwa namna hii, ila mkubaliane kwanza wote wa lupango, na muepuke jozi ambazo giza likianza kuingia huchanganyika, kama nyekundu na nyeusi.

Jambo ambalo wengi hulikosea ni kubandika. Plastiki ya bidoni ni polietileni, ambayo ngozi yake ni kama ya nta, na gundi haiipendi. Skochi ukiibandika ubavuni kama kiraka, wiki haiishi. Lakini skochi ya PVC hujishika yenyewe vizuri sana, kwa hiyo izungushe kwenye mpini hadi ikae juu ya mgongo wake. Osha mpini kwa sabuni, ukauke, ufute kwa spiriti. Rola haipiti kwa urahisi kwenye tundu la mpini, basi kata kipande cha sentimita 40 na ukizungushe kwenye penseli, kisha uipitishe penseli badala ya rola. Kipande hicho kinatosha mizunguko mitatu hivi, na rola ya mita 20 hutoa vipande 50. Anzia kwenye shina la mpini, si pale kiganja kinaposhika, kwa kuwa jasho na vumbi vitakula ukingo wake. Vuta kidogo tu, kila mzunguko ufunike nusu ya uliotangulia, na mzunguko wa mwisho usiuvute hata kidogo: ncha iliyovutwa hurudi nyuma polepole, ikainuka kama ulimi, na mtoto akiiona ataibandua. Kata kwa wembe, usirarue. Asubuhi za baridi za Juni na Julai skochi huwa ngumu, kwa hiyo iweke mfukoni nusu saa kwanza.

Rola ya zambarau sikuitupa. Mke wangu hutengeneza sabuni ya mawese, na soda kali anayotumia ni alkali hasa. Nilizungusha mikanda mitatu ya zambarau kwenye kopo lake, nikalipandisha juu ya kabati mahali ambapo watoto hawafiki, na Papa jirani alipoliona alisema kwamba hapo ndipo mahali pake.