Ukurasa wa bure unaweza kukuletea wateja, ila kwanza uupe kazi moja

Nimeshawajengea watu kurasa nyingi za biashara kwenye majukwaa ya bure, zaidi Blogger, kidogo WordPress.com na Google Sites, na swali la kwanza linalokuja karibu kila mara ni "nitumie templeti gani?", yaani muundo gani wa ukurasa uliotengenezwa tayari. Mimi huwa nawauliza na mimi, mtu akishafika kwenye ukurasa wako unataka afanye nini? Apige simu? Atume meseji WhatsApp? Aache barua pepe yake? Aweke oda hapo hapo? Chagua moja. Ukitaka vyote kwa mpigo utaishia na ukurasa una vitufe kila kona, mgeni anaangalia, anachoka, anaenda zake, na wewe unabaki unasema intaneti haina wateja.

Ngoja niwape mfano maana hapa ndo penye shughuli yenyewe. Kuna fundi mmoja anashona magauni ya harusi, kazi yake nzuri kweli kweli, aliniomba nimuangalizie blogu yake. Juu kabisa kulikuwa na picha kubwa ya maua, chini yake maandishi yanatembea "Karibuni sana kwenye blogu yetu", pembeni saa, kalenda na kihesabu wageni, alafu ukishashuka wee ndo unakutana na magauni, na namba ya simu iko mwisho kabisa tena imeandikwa ndani ya picha, yaani huwezi hata kuigusa ikapiga. Tukaanza kutoa. Maua yakaenda, saa ikaenda, kalenda ikaenda. Pale juu tukaandika sentensi moja, "Nashona magauni ya harusi kwa vipimo vyako, jaribio la kwanza ndani ya wiki mbili." Chini yake picha moja ya gauni likiwa limevaliwa na mtu, alafu kitufe kimoja kimeandikwa "Uliza kama tarehe yako ipo wazi".

Hicho kitufe tulikijadili muda mrefu kuliko kitu kingine chochote. Mwanzo kilikuwa kinasema "Wasiliana nasi", ambayo kila tovuti inasema hivo na hakuna anayeisoma. Bibi harusi akifika pale kichwani ana swali moja linamuumiza, tarehe yangu nitapata nafasi au nimeshachelewa? Basi kitufe kikamuulizia swali lake mwenyewe. Meseji zilizoanza kuingia baada ya pale zikawa zinakuja na tarehe ndani, fundi hahitaji tena kuanza na habari za saa hizi na uko wapi na unataka nini, anaangalia daftari lake anajibu. Ndo maana nasisitiza ujue mteja wako anawaza nini kabla hujagusa rangi hata moja.

Kitufe chenyewe ni rahisi kutengeneza. Linki ya WhatsApp inaandikwa https://wa.me/ ikifuatiwa na namba yako kwa mfumo wa kimataifa, yaani inaanza na namba ya nchi, bila alama ya kujumlisha, bila sifuri ya mwanzo, bila mabano wala vistari. Ukitaka meseji iwe imeshaandikwa tayari unaongeza ?text= na maneno yako, nafasi kati ya maneno unaweka %20. Kwa hiyo nzima inakuwa hivi:

<a href="https://wa.me/NAMBAYAKO?text=Habari,%20harusi%20yangu%20ni%20tarehe" style="display:block;padding:16px;background:#0b6b3a;color:#fff;text-align:center">Uliza kama tarehe yako ipo wazi</a>

Kwenye Blogger unaibandika ukiwa upande wa HTML (lugha ya kujengea kurasa) wa kihariri, au kwenye kijalizo (gadget) cha HTML/JavaScript kule kwenye mpangilio. Kitufe kijaze upana wa skrini ili kidole gumba kikipate bila shida. Kabla hujamwambia mtu yeyote, kibonyeze mwenyewe kwenye simu, mpe na mtu mwingine akibonyeze kwenye simu yake, maana namba ikikosewa tarakimu moja hutajua, utakaa tu unasubiri meseji ambazo zinaenda kwa mtu mwingine.

Sasa jukwaa lipi. Blogger, ambayo ni ya Google tangu 2003, inakuachia kubadili kodi yote ya templeti, yaani yale maandishi ya kompyuta yanayoijenga, na inakuruhusu uunganishe domeini yako (anwani ya tovuti yenye jina lako mwenyewe) bila kuwalipa wao kitu, unalipia domeini tu kwa anayekuuzia. WordPress.com ni nzuri zaidi kwa kuandika na kupanga kurasa ila kwenye mpango wa bure wataweka matangazo yao, na domeini yako mwenyewe inataka mpango wa kulipia. Wix nayo ya bure inakaa na bango lao juu. Google Sites haina matangazo, ni nyepesi, inaunganishwa na domeini, lakini huwezi kugusa kodi yake, unachopewa ndo hicho. Mimi kwa mtu anayeanza na anataka uhuru namwambia Blogger, na kwa mtu anayetaka ukurasa mmoja wa kutambulisha huduma tu namwambia Google Sites, amalize leo aendelee na kazi zake.

Kitu ambacho wengi wa Blogger hawakijui ni kwamba si lazima mgeni akifika akutane na foleni ya maposti. Tengeneza ukurasa, ule ambao anwani yake inakuwa na /p/ katikati, weka pale tangazo lako lote, alafu nenda kwenye setingi sehemu ya hitilafu na uelekezaji, elekeza / kwenda kwenye ukurasa huo. Mtu akiandika anwani yako anaangukia moja kwa moja pale unapotaka aanzie, maposti yanabaki nyuma yakifanya kazi ya kuvuta watu wa kwenye utafutaji. WordPress.com ni rahisi zaidi, kwenye setingi za usomaji unachagua tu ukurasa gani uwe wa mwanzo.

Kuhusu templeti za kudaunlodi bure huko mitandaoni, hapa naomba mnisikilize vizuri. Nyingi zinavutia kweli kwenye onyesho, lakini ndani zimefichwa linki za watu wengine kwenye kodi iliyosokotwa isisomeke, na ukijaribu kufuta lile jina la mtengenezaji kule chini ukurasa wako unaanza kumrusha mgeni kwenye tovuti yake. Fikiria umelipia tangazo, mtu kabonyeza, katua kwa mtu mwingine! Chukua templeti za jukwaa lenyewe, hata kama ni za kawaida, uzipunguze na kuzipaka rangi zako. Na kabla hujafungua pale palipoandikwa Edit HTML, daunlodi bakapu ya templeti kwanza, ni kubonyeza mara mbili tu, ukiharibu unairudisha. Mabadiliko madogo kama rangi na ukubwa wa herufi hayahitaji hata kuingia humo, kuna sehemu ya kuongeza CSS, yaani maelekezo ya mwonekano, kwenye ubinafsishaji.

Rangi zisizidi mbili pamoja na nyeupe. Maandishi ya kijivu hafifu juu ya nyeupe yanaonekana ya kisasa kwenye kompyuta ya mbunifu lakini mtu aliyeko juani na simu hasomi kitu, kiwango cha kimataifa cha WCAG, cha kurasa zinazosomeka na kila mtu, kinataka tofauti ya angalau 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na mandhari ya nyuma yake, na viko vipimo vya bure mtandaoni vya kukagua hilo, unaweka kodi za rangi mbili unapewa jibu. Herufi usishuke chini ya pikseli 16. Fonti moja inatosha.

Picha ndo zinaua kurasa nyingi. Picha iliyotoka kwenye simu inaweza kuwa na MB kadhaa, ukiweka kumi mteja mwenye bando la kuhesabu ataona duara linazunguka tu. Mimi huwa nazipunguza hadi upana wa pikseli 1200 hivi, alafu nazipitisha Squoosh, kifaa cha bure kilichotengenezwa na Google kinachofanya kazi ndani ya kivinjari, nazitoa kama WebP au JPEG (aina za faili la picha) chini ya KB 200. Na kila picha iandikie maelezo yake mbadala, yanamsaidia asiyeona na yanausaidia utafutaji. Picha ya kwanza kwenye posti ichague kwa makini, maana mara nyingi ndo itakayotokea linki ikishirikiwa WhatsApp au Facebook, na ikitokea nembo yenye ukungu badala ya bidhaa umeshapoteza. Ukiibadilisha na Facebook bado inaonyesha ya zamani, wana kifaa kinaitwa Sharing Debugger, unaweka linki unaiambia ichukue upya.

Utafutaji wa Google nao usiusahau. Hakikisha kwanza kwamba ukurasa unaonekana, Blogger ina swichi ya kuonekana kwa injini tafuti kwenye setingi za faragha, na WordPress.com tovuti mpya inakaa kwenye hali ya "inakuja" mpaka wewe mwenyewe uizindue, nimeshakutana na watu wanalalamika hawaonekani Google kumbe tovuti haijazinduliwa. Washa maelezo ya utafutaji, yale ya kuuelezea ukurasa kwenye matokeo ya Google, andika sentensi mbili za kibinadamu kwa kila ukurasa. Anwani ya posti iweke fupi kabla hujachapisha, usisubiri baada ya hapo. Fungua Search Console, kifaa cha Google cha kufuatilia tovuti yako kwenye utafutaji, wape ramani ya tovuti, kwa Blogger ni sitemap.xml kwa maposti na sitemap-pages.xml kwa zile kurasa, basi.

Kuna hili la umiliki sasa, na hili linanigusa sana kwa sababu nimeona biashara za watu zikianza upya kwa ajili yake. Jukwaa la bure ni nyumba ya kupanga, unakaa vizuri lakini mwenye nyumba ana mipango yake. GeoCities ilianza 1994, ikanunuliwa na Yahoo 1999, ikafungwa 2009 na kurasa za watu ikaondoka nazo. Squidoo, ambayo wauzaji wa mtandaoni waliipenda mno, ilianza 2005 na ikaisha 2014. Hata Blogger yenyewe ilikuwa na kijalizo cha kujiunga kwa barua pepe, Julai 2021 kikaondolewa, na waliokuwa wameshadaunlodi orodha ya wasomaji wao waliihamishia kwingine wakaendelea kuwaandikia, ambao hawakufanya hivo wakabaki na blogu bila njia ya kuwafikia wale watu.

Kwa hiyo kuna vitu vitatu uvishike mkononi mwako tangu siku ya kwanza. Domeini, kama unaweza, isajiliwe kwa jina lako na barua pepe yako, sio ya kijana aliyekutengenezea. Ukiiunganisha na Blogger utaweka, kule ulikonunulia domeini, rekodi mbili za CNAME (maelekezo ya domeini ielekee wapi), moja ya www kwenda ghs.google.com na nyingine ya uthibitisho wanayokupa wao, alafu unawasha HTTPS (muunganisho salama), na ile anwani ya zamani ya blogspot uliyopewa bure na Blogger inawaelekeza watu kwenye mpya yenyewe. Siku ukihama jukwaa unahama na anwani yako. Cha pili ni bakapu ya maandishi, Blogger na WordPress.com zote zinakutolea faili la XML, ila picha zihifadhi pembeni kwenye folda yako, usitegemee hilo faili. Cha tatu ni orodha ya wateja waliokubali uwaandikie, iweke kwenye jedwali lako mwenyewe. Narudia, waliokubali. Kumuingiza mtu kwenye kundi la WhatsApp bila kumuuliza ni njia ya haraka ya kublokiwa.

Mwisho, upimaji. Kama kwenye setingi zako bado kuna kodi ya Google Analytics, mfumo wa Google wa kuhesabu wageni, inayoanza na UA- ujue haihesabu kitu, ule mfumo uliacha kupokea data mpya Julai 2023, weka ile inayoanza na G-. Alafu kila mahali unapotupa linki ipe alama yake, unaongeza ?utm_source=facebook kwa ile ya Facebook, ?utm_source=status kwa ile ya status ya WhatsApp, na ukiandika kwa herufi ndogo siku zote hazitachanganyika kwenye ripoti. Usijisumbue sana na idadi ya waliotembelea, angalia waliobonyeza kitufe na walitokea wapi. Yule fundi wa magauni alikuwa anaweka nguvu zote kwenye Facebook, kumbe wanaouliza tarehe walikuwa wanatoka kwenye status ambazo wateja wake wa zamani walikuwa wanamshirikishia wenyewe. Sasa hivi kila gauni likitoka anampa mteja picha tatu zilizopunguzwa vizuri na linki yenye alama yake, anamuomba aziweke akipenda.