Nembo ya Amsterdam: Je, zile X tatu ni moto, mafuriko na tauni?

SWALI: Nachora mabango na fulana, na mteja ameniomba nembo ya jiji la Amsterdam pamoja na maelezo mafupi. Kila ninayemuuliza ananiambia zile X tatu ni moto, mafuriko na tauni. Niandike hivyo? Na simba wa pembeni nisipowachora, nitakuwa nimekosea?

JIBU: Usiandike hivyo, ndugu yangu. Moto ulikuwepo kweli, 1421 na tena 1452, na maji na tauni vilikuwepo pia, lakini maana hiyo ilibandikwa baadaye. Hizo hazikuwa herufi X bali ni misalaba ya Mtakatifu Andrea, ambaye kwa mapokeo ya Kanisa alisulubiwa juu ya msalaba wa umbo hilo. Tazama na majirani: Ouder-Amstel na Amstelveen wana misalaba ya aina hiyohiyo kwenye nembo zao, ila si mitatu. Kwa hiyo wanahistoria wengi huielekeza kwa ukoo wa Persijn, uliokuwa na mamlaka na ardhi eneo hilo. Jan Persijn alikuwa bwana wa Amsterdam mwaka 1280 hadi 1282.

Ngao yenyewe ni nyekundu, ina mstari mpana mweusi uliosimama katikati, na misalaba imepangwa ndani ya mstari huo. Misalaba ni ya fedha, lakini kwenye nembo fedha huchorwa kwa nyeupe, basi usihangaike na wino wa kung'aa. Kanuni ya zamani ya nembo, ambayo haihesabu fedha na dhahabu kuwa rangi, inakataza rangi kulala juu ya rangi, na hapa nyeusi imelala juu ya nyekundu bila aibu. Iache hivyo hivyo.

Taji ndilo lenye kisa kitamu zaidi. Mwaka 1489 Maximilian wa Kwanza, mfalme aliyekuja kuwa kaisari wa Dola Takatifu ya Kirumi, aliwaruhusu wenyeji kuliweka juu ya ngao, kuwashukuru kwa msaada waliompa katika vita vyake. Kwa mfanyabiashara aliyepeleka meli ugenini, taji la mtawala mkubwa kiasi hicho lilikuwa dhamana tosha. Ndiyo maana hata mji ulipoingia upande wa Waprotestanti mwaka 1578, taji la mtawala Mkatoliki halikuguswa. Wakalipandisha hadi kwenye mnara wa Westerkerk, kanisa la Kiprotestanti! Biashara ina akili yake.

Simba wawili waliongezwa karne ya 16. Ni washika ngao tu, yaani mapambo ya pembeni, kwa hiyo usipowachora hujakosea.

Maneno ya chini, "Heldhaftig, Vastberaden, Barmhartig", yaani shujaa, thabiti, mwenye huruma, ni ya mwaka 1947. Malkia Wilhelmina wa Uholanzi aliyatoa kuheshimu wakazi wakati wa uvamizi wa Wajerumani, hasa mgomo wa Februari 1941. Wanazi walikuwa wamekamata mamia ya wanaume wa Kiyahudi. Tarehe 25 madereva wa tramu, wafanyakazi wa bandarini na wengine wengi wakaacha kazi. Mgomo ulizimwa kwa nguvu baada ya siku mbili. Kama bango lina nafasi ya sentensi moja tu ya maelezo, mimi ningeipa habari hii.

Tahadhari ya mwisho: mteja akibadili mawazo akataka bendera, mstari mweusi haukai wima tena. Unalala kati ya mistari miwili myekundu, na misalaba inafuatana kwa upana.