Barua Imetumwa, Faili Halijafika

Juzi nimepokea ujumbe wa msomaji mmoja ulionichoma moyo. Dada huyu aliomba ufadhili wa masomo kwa barua pepe, akiambatisha vyeti vinne, siku mbili kabla ya dirisha la maombi kufungwa. Baada ya wiki tatu akajibiwa kuwa barua yake ilifika bila kiambatisho hata kimoja. "Kaka, niliviweka kwa mkono wangu mwenyewe," ameniandikia.

Namwamini. Nimemwuliza hatua moja baada ya nyingine mpaka tumempata mchawi. Alijitumia barua yeye mwenyewe kwanza, akaona vyeti vyote vipo, akabonyeza kujibu, akabadilisha anwani, akatuma. Ukijibu barua, viambatisho vyake vinabaki nyuma. Ukiisambaza, kwa kile kitufe cha mshale unaoelekea kulia, viambatisho vinakwenda nayo. Mshale mmoja tu, na nafasi imepotea.

Najua uchungu wake kwa sababu nami yalinikuta. Nilikuwa nimeanza kutafsiri kwa malipo na nilitaka sana kazi moja ya mkataba wa muda mrefu. Waliomba sampuli. Nikaskani kurasa 46 kwa rangi, kwa ubora wa juu kabisa, nikitaka waone nilivyo nadhifu. Faili likafika MB 31. Gmail haibebi kiambatisho kinachozidi MB 25; kikizidi hapo inakipakia kwenye Google Drive na kuweka kiungo ndani ya barua. Nilipobonyeza kutuma, kikatokea kisanduku kunieleza kuwa mpokeaji hana ruhusa ya kuliona faili. Ilikuwa Ijumaa jioni, zimebaki dakika chache. Sikusoma. Nikabonyeza kitufe cha kutuma hivyohivyo, nikafunga kompyuta nikiwa na furaha.

Usiku uleule yakaja maombi mawili ya ruhusa ya kufungua faili. Niliyaona Jumatatu. Chini yake palikuwa na barua fupi: wameshindwa kufungua sampuli zangu, wameendelea na wengine. Niliwapigia, nikawaandikia, nikawatumia faili upya. Hawakujibu tena. Barua ile ninayo mpaka leo, na kila ninapoisoma najiuliza ingewagharimu nini kunipa saa moja. Lakini mlango niliufunga mimi, kwa kubonyeza nisichokisoma.

Wengi wetu tunaotafuta kazi na nafasi za masomo mtandaoni tunahangaika na wasifu kwa wiki nzima, kisha kutuma tunakupa sekunde kumi. Hapo ndipo tunapoanguka. Anayepokea ana barua mamia mbele yake. Faili lako lisipofunguka, hatakutafuta.

Baada ya pale niliamua kuelewa mambo haya kwa undani. Barua pepe zilijengwa kubeba maandishi matupu. Mwaka 1992 ndipo Nathaniel Borenstein na Ned Freed walipotoa utaratibu wa MIME, ambao ndio unaobeba viambatisho vyetu hadi leo. Faili hugeuzwa kuwa herufi: kila baiti 3 zinakuwa herufi 4, kwa hiyo linavimba kwa theluthi nzima likiwa njiani. Nilipojua hilo nikaelewa kwa nini niliwahi kurudishiwa faili la MB 20 na mtambo wa mteja ambao mwisho wake ni MB 25. Faili lilikuwa dogo kwangu. Lilipofika mlangoni kwao lilikuwa limeshapita kimo.

Kwa hiyo mimi sasa sivuki MB 10. Hati za maandishi naziskani kwa rangi ya kijivu, nukta 150 kwa inchi, na zinasomeka vizuri. Zile kurasa 46 nilizirudia hivyo siku moja, kwa uchungu tu, zikatoka MB 4. MB 4! Zingepita bila kiungo, bila ruhusa, bila mtu kuomba chochote.

Lingine ni mpangilio. Weka kiambatisho kwanza, andika barua, anwani iwe ya mwisho kabisa. Barua isiyo na anwani haiwezi kukuponyoka kabla haijawa tayari. Kwenye mipangilio ya Gmail, ongeza muda wa kutengua utumaji ufike sekunde 30. Na ukilazimika kutuma kiungo, kifungue kwenye dirisha la faragha ambako hujaingia kwenye akaunti yako. Kikikataa kufunguka hapo, na hukumpa mpokeaji ruhusa kwa jina lake, kitamkatalia na yeye.

Halafu kuna nafasi. Akaunti ya bure ya Google ina GB 15, na hizo zinagawanywa kati ya barua, Drive na picha zako. Zikijaa, hutumi wala hupokei, na barua ya kukuita kwenye usaili inarudi ilikotoka. Kila mwisho wa mwezi naandika kwenye kisanduku cha kutafutia has:attachment larger:10M, napakua ninayoyahitaji, nafuta mengine, kisha namwaga na tupio, maana vilivyomo bado vinakula nafasi mpaka siku 30 ziishe. Fanya hivyo hata kama unajiona una nafasi tele. Nami nilijiona hivyo.

Tangu nishike utaratibu huu sijapoteza kazi hata moja kwa sababu ya faili, na mwezi uliopita nimesaini mkataba mkubwa kuliko ule walioninyima. Nalisema hili kwa fahari, kwa sababu nimelitolea jasho.

Dada yule amenijibu jana usiku. Dirisha jingine linafunguliwa mwezi ujao, na vyeti vyake vinne ameshavipunguza hadi MB 3. Amenitumia mimi kwanza. Nimevifungua vyote kwenye simu. Cha tatu kimelala ubavu, nimemwambia akigeuze.