Mungu hana mwanzo, mama katoka wapi?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Shemeji yangu mlokole kila akiniona na rozari huniuliza: “Mungu hana mwanzo, huyo Mama wa Mungu katoka wapi?” Nimjibuje?

JIBU: Milele, amina. Shemeji yako ana hoja, ila si mpya. Nestorius, askofu mkuu wa Konstantinopoli, aliona heri tuseme “Mama wa Kristo” basi. Mtaguso wa Efeso, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 431, ukamvua uaskofu, na usiku ule wenyeji wakawasindikiza maaskofu kwa mienge. (Ubabe nao haukukosekana: Sirili, askofu wa Aleksandria na mpinzani wa Nestorius, alifungua kikao bila kuwasubiri maaskofu wa Antiokia.)

Hapo aliyekuwa akibishaniwa hasa ni Yesu. Maria hakuuzaa umungu. Alimzaa Yesu, na Yesu ni Mungu. Mama hazai mwili mtupu, anazaa mtu. Ukisema alimzaa mwanadamu tu, umemkata Yesu vipande viwili, na aliyetufia msalabani si Mungu tena. Shemeji atakubali hilo?

Mfungulie Luka 1:43, Elizabeti anapomwita Maria “mama wa Bwana wangu”. Akiendelea kubisha, mwambie hata Martin Luther, mwanzilishi wa Uprotestanti, alimwita Maria Mama wa Mungu.