Mkandarasi Ndiyo, Kujiajiri Hapana

Swali la juma hili liliuliza kama mtaalamu wa kigeni anaweza kufanya kazi Marekani akiwa mkandarasi wa kujitegemea, bila kuwa mwajiriwa wa mtu, kwa kibali cha kazi za kitaaluma. Mimi ni mhandisi mwenye uraia wa Kanada, na nimefanya hivyo kwa hadhi ya TN, ruhusa ya muda ya kufanya kazi za kitaaluma Marekani. Jibu langu ni kwamba inawezekana, ila nafasi yenyewe ni finyu kuliko wengi wanavyodhani.

Hadhi ya TN ilitokana na mkataba wa biashara wa NAFTA kati ya Marekani, Kanada na Meksiko, ulioanza kutumika mwaka 1994, na ikaendelezwa na mkataba ulioshika nafasi yake tarehe 1 Julai 2020. Ni ya raia wa Kanada na Meksiko pekee, wenye taaluma zilizotajwa katika orodha ya mkataba huo. Mkazi wa kudumu wa Kanada asiye raia haipati. Raia wa Meksiko hulazimika kupata viza ubalozini kwanza, ilhali sisi wa Kanada tunaweza kuwasilisha ombi mpakani na kujibiwa papo hapo.

Kanuni zake zinamruhusu mtaalamu kutoa huduma kwa mteja wa Marekani kwa mkataba uliofungwa kabla ya safari, lakini zinakataza kujiajiri ndani ya nchi hiyo. Hapo ndipo nilipojikwaa mara ya kwanza. Barua niliyowasilisha mpakani pamoja na ombi langu ilisema kwamba ningemhudumia mteja aliyetajwa "pamoja na wateja wengine watakaopatikana". Afisa aliisoma polepole, akaweka kidole juu ya maneno hayo na kuniuliza wateja hao ni akina nani. Sikuwa na jina hata moja la kumpa, nikarudishwa siku ileile. Niliumia sana, lakini nilipoisoma tena kanuni nilikiri kwamba alikuwa sahihi: kwa maneno yale nilikuwa nimetangaza kwamba nakwenda kufungua biashara. Niliporudi, mkataba ulimtaja mteja mmoja, kazi yenyewe, muda wa mwaka mmoja na malipo, nikaambatisha na shahada yangu. Nilipitishwa.

Wapo wanaoshauri kusajili kampuni yako huko Marekani kisha ikuajiri. Nawasihi wasomaji wasithubutu, kwa sababu anayeifanyia kazi kampuni ambayo yeye ndiye mmiliki pekee, au mwenye hisa za kuidhibiti, huhesabiwa kuwa amejiajiri. Wenye H-1B, viza ya Marekani ya wafanyakazi wa kitaaluma kutoka nchi yoyote, nao wamefungwa zaidi: mwajiri ndiye anayewaombea kibali, na kazi ya malipo kwa mtu mwingine asiyewaombea, hata ya Jumamosi moja, ni uvunjaji wa masharti.

Bima ya afya nililipa mwenyewe, na kodi nilimkabidhi mhasibu anayezijua sheria za nchi zote mbili.

Miezi minane baadaye mteja wa pili alinitafuta, akitaka nianze Jumatatu iliyofuata. Nilimweleza kwamba kibali nilichonacho hakimhusu yeye, na kwamba ningehitaji mkataba wake na idhini nyingine kabla ya kugusa mchoro wowote. Alikubali kungoja. Ilichukua majuma matatu, na nilipofungua faili lake kwa mara ya kwanza idhini ilikuwa tayari mkononi.