Uday Shankar alianza na brashi

Umeuliza kama Mbengali (mtu wa Bengal, mashariki mwa Bara Hindi) asiyesomea dansi tangu utotoni anaweza kuifanya kazi yake ughaibuni. Msome Uday Shankar, mcheza dansi wa Kihindi. Alizaliwa Udaipur, India, mwaka 1900 katika familia ya Kibengali, akaenda London kusomea uchoraji, si dansi, katika Royal College of Art. Huko Anna Pavlova, nyota wa baleti kutoka Urusi, alimwona akicheza na kumwomba amsaidie kutunga dansi zenye visa vya Kihindi. Mwaka 1923 wakapanda jukwaani pamoja, yeye akiwa Krishna, mungu wa Kihindu, na Pavlova akiwa Radha, mpenzi wa Krishna.

Hakuwa amepitia mikono ya guru, yaani mwalimu wa jadi, yeyote. Alichokuwa nacho ni jicho la mchoraji: alitazama sanamu na picha za kale, akachukua mikao yake na kuitia mwendo. Mimi naona hapo ndipo palipokuwa na nguvu yake, ingawa wapo waliomlaumu kwa kuchanganya mitindo.

Baadaye aliweka makao Paris na kikundi chake, ambamo mdogo wake Ravi, yule mpigaji wa sitar, ala ya nyuzi ya Kihindi, alikulia akicheza. Mfaransa Simone Barbier alifundishwa naye mpaka akawa mwenzake mkuu jukwaani kwa jina la Simkie.

Aliporudi India alifungua kituo cha mafunzo Almora, milimani. Kilifungwa miaka ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia kwa kukosa fedha, lakini Guru Dutt, mwongozaji mashuhuri wa filamu, alisomea pale akiwa kijana.