Mita imezidi 0.03: nipunguze kila nikipima?

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni fundi wa sola, Chake Chake. Mita yangu ya volti ni ile ambayo skrini yake huishia 1999, na kitabu chake kinasema kikomo kwa volti za DC ni ±(0.5% ya usomaji + tarakimu 2). Nimeipeleka Unguja kufanyiwa ugezi, yaani kulinganishwa na kipimo kinachoaminika. Cheti kimerudi na mstari huu: imewekewa 10.000 V, imesoma 10.03 V, kosa +0.03 V, shaka ya kipimo ±0.006 V, k = 2. Mwenzangu anasema mita ina makosa mawili. Ni kweli? Na je, nipunguze 0.03 kila nikipima?

JIBU: Waalaykum salaam, fundi. Kosa ni moja tu, hilo 0.03. Shaka si kosa la mita yako. Ni mpaka wa kile maabara inachoweza kukuapia. Wanakwambia kosa lenyewe limo baina ya 0.024 na 0.036, kwa uhakika wa kama asilimia 95; hiyo k = 2 ndiyo namba waliyozidishia shaka ili kufika uhakika huo. Kosa ukilijua unaweza kulitoa. Shaka huitoi.

Wengi hudhani 0.006 hiyo imetoka kwenye kalibreta, kile chombo cha maabara kinachotoa volti kamili za kulinganishia. Hebu tuipige hesabu. Kwenye renji ya volti 20 hatua ndogo ya mita yako ni 0.01. Ikiandika 10.03, ndani yake inaweza kuwa popote kuanzia 10.025 hadi 10.035, na hakuna pa kupendelea. Chukua nusu ya hatua, 0.005, igawe kwa kipeuo cha pili cha 3: 0.0029. Kalibreta nzuri, tuseme cheti chake kinasema 0.0004 kwa k = 2; gawa kwa 2, unabaki na 0.0002. Zidisha kila moja kwa yenyewe, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili, na jibu ni 0.0029 ile ile. Kalibreta haikuonekana kabisa. Zidisha kwa 2 upate 0.0058, nao wakaandika 0.006.

Ndiyo maana hata ukisoma mara kumi hupati faida. Skrini itaandika 10.03 mara zote kumi, mtawanyiko uwe sufuri, na sufuri hiyo ni ya skrini tu.

Hapo kwenye k, kusema kweli, maabara imezidisha kidogo. Shaka inapotawaliwa na hatua ya skrini namna hii, k = 1.65 inatosha kwa asilimia 95, na ingetoka 0.0048. Kwa 2 wamefika 0.0058, na nusu ya hatua yenyewe haivuki 0.005! Halina madhara kwako, ila linaonyesha mtu aliyejaza fomu bila kuitazama.

Mita ni nzima. Kikomo chako kwa volti 10 ni 0.05 (ile 0.5%) na 0.02 (zile tarakimu 2, yaani hatua mbili za mwisho), jumla 0.07; kosa pamoja na shaka ni 0.036. Lingekuwa kosa la 0.068, shaka ingevuka mstari na hakuna ambaye angeweza kusema kwa yakini imepita au imeanguka.

Kupunguza 0.03 kila mahali, hapana. Hilo ni la volti 10 kwenye renji ya 20. Kwenye renji ya 200 huenda mita inapunguza badala ya kuzidisha. Tena cheti kinasema habari za siku ile, ndani ya chumba cha kiyoyozi, kwa kawaida nyuzi 23. Vitabu vingi vya mita vinadhamini kikomo kati ya nyuzi 18 na 28 tu, na nje ya hapo vinaongeza moja ya kumi ya kikomo kwa kila nyuzi moja. Hebu tazama kitabu chako. Juu ya bati wakati wa kaskazi mita ikafika nyuzi 38, zimezidi kumi: 0.07 imekuwa 0.14. Ile 0.03 unayoihangaikia imeshamezwa.

SWALI: Nina mita mbili za aina moja, za kikomo hicho hicho cha ±(0.5% + 2). Betri moja ya sola, moja inasoma 12.62, nyingine 12.71. Ipi ya kweli? Msomaji, Nungwi.

JIBU: Pengine zote mbili. Kwa volti 12.6 kila moja ina ruhusa ya kukosea kiasi cha 0.08 juu au chini, nazo zimepishana 0.09. Ila usizipime kwa zamu. Betri iliyotoka kwenye chaji volti zake hushuka polepole, na mita ya pili huikuta imeshashuka. Ziunge zote mbili kwa wakati mmoja, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, kisha usome. Kabla ya hapo badilisha betri za ndani ya mita: zikichoka, mita nyingi huanza kuzidisha volti, wakati mwingine kabla hujaitambua ile alama ya betri. Tofauti ikibaki, peleka moja ikafanyiwe ugezi kwenye volti 12 hizo hizo, na uagize waandike ilivyosoma kabla ya kuirekebisha.